Kornet au Javelin, TOW au Sagger: hesabu sekunde kwanza ndo uchague

Jumamosi iliyopita pale kwetu Kirumba, jirani na Mwaloni, tulikaa mpaka giza likaingia tunabishana kitu kimoja tu, kombora gani la kupigia vifaru ni kali kuliko yote. Kwa wasiotujua, sisi tuna mchezo wetu wa vita vya ramani. Ramani tumeichora kwenye karatasi za manila tukaziunganisha kwa selotepu, vizibo vya soda ndo vifaru, punje za mahindi ndo askari wa miguu, na kila upande unapewa pointi 100 za kununulia silaha kabla mchezo haujaanza. Juzi vita tuliiweka barabara ya Masaka kwenda Kampala, ile ile ya mwaka 1979. Sasa vijana wawili wapya wakamaliza karibu pointi zao zote kwenye Javelin kwa sababu wameona sana video za Ukraine, Javelin moja kwetu ni pointi 15, wakapata sita tu, mbele yao wakapangiwa vizibo ishirini vyenye mahindi kibao pembeni, hawakumaliza hata saa moja wakawa hawana kitu. Wakaniomba niwaandikie kipi ununue na kipi uache, na ukiwa upande wa vifaru ujikinge vipi. Ndo huu.

Kuna kitu naona watu wengi wanakosea mwanzoni kabisa. Mtu anaingia kwenye simu anaangalia namba mbili, kombora linafika umbali gani na linatoboa chuma cha unene gani, halafu anabeba lenye namba kubwa. Hizo namba zina kazi yake ila kuna namba nyingine hawaiulizi, kwamba kombora likishatoka mpaka ligonge zinapita sekunde ngapi, na mpigaji katika hizo sekunde anatakiwa awe anafanya nini. Mbinu karibu zote za kujikinga na haya makombora zinaishi ndani ya hizo sekunde, ukizijua unaelewa kwa nini kombora lililomaliza vifaru vita ile likaonekana halina maana vita nyingine.

Baba mdogo wangu, ambaye alikuwepo vita ya Kagera, juzi ndo alituonyesha hili bila maneno mengi. Alimwita mmoja wa wale vijana akampa kalamu, akamwambia mwanangu, unaona ile taa ya mtumbwi wa dagaa kule mbele, ilenge na ncha ya hiyo kalamu usiiachie. Akafungua saa ya kuhesabia kwenye simu. Halafu akatuambia sisi wengine tumpigie kelele, mmoja akachukua fimbo akawa anagonga bati la kibanda nyuma ya sikio lake, mwingine anamrushia maganda ya karanga usoni. Sekunde ya tisa yule kijana alishafumba macho, ya kumi na mbili mkono umeshashuka kabisa anajifuta. Mzee akasema, umebakiza kumi na tatu, na hapo hakuna mtu aliyekupiga risasi.

Sekunde 25, hiyo ndo Sagger. Warusi wenyewe wanaiita Malyutka, Sagger ni jina la NATO, iliingia jeshini mwaka 1963. Inaenda mita kama 120 kwa sekunde na mwisho wake ni kilomita 3. Wale mliovuka daraja la Kigongo–Busisi tangu lifunguliwe mnajua urefu wake, ni hizo hizo kilomita 3 hivi, basi chukulia umekaa Kigongo kombora unalipeleka Busisi, na njia nzima unaliendesha wewe kwa mkono, umeshika kijiti kama cha gemu, unatakiwa ulione kombora na uione shabaha kwa wakati mmoja uvikutanishe. Amri zinapita kwenye waya mwembamba ambao kombora linaufungua nyuma yake kama mvuvi anavyoachia mshipi. Ukikohoa limekwenda majini. Na chini ya mita 500 huna cha kufanya, halijakaa sawa bado mkononi mwako.

Lakini msiidharau, maana hii ndo iliyobadilisha vita ya vifaru. Oktoba 1973 Wamisri walivuka mfereji wa Suez tarehe 6, askari wa miguu wamebeba Sagger kwenye vijisanduku kama mabegi na roketi za begani za RPG-7 kwa ajili ya karibu, yani lile pengo la chini ya mita 500 wameliziba na RPG. Waisraeli tarehe 8 wakaja na vifaru vyao bila askari wa miguu wa kutosha wala mizinga ya kutosha, walishazoea vita ya 1967 ambayo vifaru vikitokea adui anakimbia. Wakachakazwa. Vifaru vingine vilirudi na nyaya za makombora zimelala juu yake.

Hapa ndo pa kujifunza, mimi naparudia kila siku kwenye mchezo wetu na watu hawanisikilizi. Waisraeli hawakuwa na kifaru kipya cha kuleta, ile wiki ile vifaru vilikuwa ni vile vile, walichobadilisha ni tabia. Mtu anawekwa kazi yake ni kuangalia vumbi na moshi wa kombora linapotoka, akiona anapiga kelele kwenye redio, vifaru vinaanza kutembea kwa kuyumba yumba, vinarudi nyuma ya kituta, na wakati huo huo kila mwenye bunduki ya rashasha anamimina kule moshi ulikotokea, mota nazo zinashuka hapo hapo. Hawana haja ya kumuua mpigaji. Wanataka afumbe macho tu, kama yule kijana na maganda ya karanga. Unaona sasa sekunde 25 ni nyingi kiasi gani? Silaha ya bei rahisi kuliko zote dhidi ya Sagger ilikuwa ni risasi za kawaida.

Kwa hiyo Sagger kwetu ni pointi 2, nunua nyingi kama adui yako hana askari wa miguu wala mota, akiwa navyo usiiguse.

TOW na MILAN nitaziweka pamoja kwa sababu ni kizazi kimoja. TOW ya Mmarekani iliingia 1970, MILAN ya Wafaransa na Wajerumani mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo. Nazo zina waya, ila mpigaji hashiki kijiti, anaweka msalaba wa darubini juu ya kifaru na kuutuliza hapo, mashine yenyewe inaona taa inayowaka kwenye mkia wa kombora na kulirekebisha. Mtu anajifunza haraka zaidi na anakosa mara chache zaidi. TOW inafika mita 3,750 na inachukua kama sekunde 20, MILAN inafika kilomita 2 kwa sekunde kama 12 na nusu. Sasa wengi wanaona TOW ndo mkubwa wake, mimi nabisha. TOW ukijumlisha kombora, bomba na stendi yake ni mzigo unaozidi kilo 100, bila gari huendi nayo popote, wakati MILAN watu wawili watatu wanaitembeza porini.

Mfano wa MILAN tunao hapa hapa Afrika na naona aibu kwamba watu wanajua ya Ukraine kuliko haya. Chad mwaka 1987. Libya ya Gaddafi ina vifaru vya T-55 vimejazana kaskazini ya Chad, Wachad wana Land Cruiser, hizi hizi pikapu ambazo kwetu zinabeba watu na magunia, juu yake wamefunga MILAN walizopewa na wazungu. Tarehe 2 Januari wakavamia Fada. Walikuja kasi kutoka pande nyingi, vichwa vya vifaru vikawa haviwahi kuzunguka kuwafuata, wanasimama wanapiga wanaondoka. Libya ilipoteza T-55 92 na magari ya deraya ya BMP-1 33, Wachad wakapoteza askari 18 na Toyota tatu. Hebu soma tena hizo namba. Na kombora lenyewe ni la kilomita 2 tu, ukilipima kwa umbali ungeliacha dukani. Ila zile sekunde 12 na nusu ni nusu ya zile za Sagger, na anayezitumia yuko kwenye gari linalohama, mpaka adui aseme moshi ule pale, hakuna mtu pale.

Halafu kuna jambo la waya ambalo sisi wa ziwani linatuhusu moja kwa moja. Vitabu vya mafunzo vya jeshi la Marekani vinaonya kuhusu kupiga TOW juu ya maji. Maji mapana yakizidi kama mita 1,100 unaanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu waya unashuka taratibu nyuma ya kombora, ukigusa maji umeme wa amri unapotea na kombora linabaki halina bwana. Ndo maana wanashauri ukae juu, mlimani, waya uchelewe kufika chini. Kwa hiyo kwenye ile ramani yetu ya Ghuba ya Mwanza, mtu anayetaka kupiga TOW kutoka Kamanga kuja ng'ambo hii ajue kwamba sheria yetu ya mezani haikutungwa kumwonea, ni fizikia. Nyaya za umeme nazo ni tatizo kwa staili hiyo hiyo, msipige juu ya laini ya umeme.

Haya tuje kwenye ile mechi yenyewe mliyoisubiri, Kornet na Javelin.

Kornet ni ya Warusi, imeingia mwisho wa miaka ya 1990, haina waya. Mpigaji anatupa mwanga wa leza kuelekea kifaru na kombora linakaa katikati ya huo mwanga kama mbu anavyofuata tochi, jicho lake liko nyuma linaangalia kwa aliyelirusha. Hiyo ina faida kubwa mbili. Maji hayaisumbui. Na ile mitambo ya kudanganya haiisumbui, maana Warusi hao hao walitengeneza kitu kinaitwa Shtora, mmeviona vile vijicho viwili vyekundu kwenye kifaru cha T-90, vinatoa mwanga unaofanana na ile taa ya mkiani ya TOW na MILAN ili mashine ya mpigaji ichanganyikiwe ifuate taa ya uongo. Kwa TOW ni shida kweli. Kwa Kornet vile vijicho haviwezi kitu, hakuna taa ya mkiani ya kuigiza. Inafika kilomita 5 na nusu, inatoboa zaidi ya mita nzima ya chuma, ina kichwa cha mlipuko mara mbili ambacho cha kwanza kinafungua yale matofali ya mlipuko yanayofungwa juu ya kifaru kukikinga halafu cha pili ndo kinaingia.

Ila sekunde. Kilomita 5 na nusu Kornet inatumia karibu sekunde 20, na zote hizo mpigaji macho yake yako kwenye darubini, hahami. Mbali kiasi hicho rashasha haimfikii vizuri, hilo ndo linamwokoa, yani umbali wake ndo handaki lake. Ukimsogeza mpaka kilomita moja na nusu mbele ya askari wa miguu wenye macho, faida imeisha, amekuwa mtu wa TOW tu asiye na waya.

Javelin ni kinyume chake. Iko jeshini tangu 1996, kilo 22 hivi pamoja na kifaa chake cha kulengea, mtu mmoja anaibeba ingawa anaisikia mgongoni. Unaangalia kwenye kamera ya joto, unaiambia kombora ile picha ndo shabaha yetu, ikishaishika unapiga na unaondoka. Sekunde zako ni sifuri. Hata wakimimina rashasha kwenye ule moshi, wewe uko nyuma ya jiwe lingine. Kombora lenyewe linapanda mpaka kama mita 150 halafu linashuka kwenye paa, na paa la kifaru ni jembamba popote duniani, chuma chote kinene wameweka mbele. Na linatoka taratibu kwenye bomba kwanza ndo injini inawaka mbele, kwa hiyo unaweza kupigia ndani ya chumba.

Sasa mbona wale vijana walipigwa? Kwanza bei, kombora moja la kweli linazidi dola 100,000, ndo maana na sisi tumeipa pointi 15. Pili sekunde za Javelin hazijafutika, zimehamia kabla ya kupiga. Lazima ile kamera ya joto ione tofauti kati ya kifaru na kilicho nyuma yake, na lazima kombora likubali kuishika picha. Bila hivyo hakuna kupiga. Na kuna saa mbili za siku, alfajiri na jioni, ambapo joto la vitu linakaribiana na picha inakuwa kama uji. Sisi tunaoishi kwenye mji wa mawe tunalijua hili kwa mikono, nenda pale Bismarck au kwenye jiwe lolote la Capri Point saa kumi na mbili na nusu jioni uweke kiganja, jiwe bado la moto kama sufuria iliyotoka kuipuliwa. Kifaru kilichoegeshwa kimezimwa injini mbele ya ukuta wa mawe ya namna hiyo, kamera itapata shida kukitenga. Kifaru kilichotoka kutembea barabarani, injini inachemka, kinaonekana kama karabai usiku. Tatu, umbali, Javelin za miaka mingi mwisho wake ni kilomita 2 na nusu, mpya wamefikisha 4.

Kwa hiyo nikilazimishwa niseme moja, ukiwa unalinda uwanda mpana mkavu unaona mbali, Kornet. Ukiwa na wachache, msituni au mjini, na adui ana askari wa miguu wengi wanaojibu haraka, Javelin. Wale vijana walikuwa na wachache, sawa, ila walikuwa na wachache halafu hawakununua kitu kingine chochote cha kuwasimamisha wale mahindi, wakapiga sita zikagonga tano, vizibo kumi na tano vikaendelea kuja.

Spike ya Waisraeli iko katikati, ina nyuzi ya kioo badala ya waya wa shaba, picha ya kombora inarudi kwako kwenye skrini, unaweza kupiga ukiwa nyuma ya kilima hujaona kitu, halafu ukaamua njiani, au ukabadilisha, au ukaliacha lianguke ukiona ni basi la raia. Hiyo ya mwisho mimi naiheshimu kuliko umbali wake. Ile ya kawaida, Spike LR, ni kilomita 4. Bei ni ya mtu mwenye hela.

NLAW haina mengi, ni ya karibu, mita 20 mpaka 800, kilo 12 na nusu, unafuata kifaru kwa sekunde chache inajifunza kinakoelekea, unapiga unatupa bomba, inapita juu yake na kulipuka kwenda chini. Wataalamu wengine hawaiiti hata kombora la kuongozwa. Kwenye mchezo pointi 3, na mimi nasema ndo pointi 3 bora mezani kama kuna majumba au migomba.

Upande wa vifaru sasa. Hapa naona watu wanapenda kununua vitu vinavyong'aa na kuacha vya bei rahisi, nitavilinganisha hivyo hivyo kwa sekunde.

Moshi pointi 1. Moshi unakata macho ya mpigaji katikati ya safari ya kombora, kwa Sagger, TOW, MILAN na Kornet wote wanahitaji kuona mpaka mwisho. Ila moshi wa kawaida kamera ya joto inapita, ununue ule wa kuziba joto pia, nao haukai muda mrefu, upepo wa ziwa wa mchana unaupeleka wote nchi kavu, msiusahau upepo mnapoupanga. Mwaka 2006 kusini ya Lebanon, bonde la Saluki, tarehe 12 Agosti, safu ya vifaru vya Merkava vya Israeli ilipanda bonde na wapiganaji wa Hizbullah wako juu wana Kornet, vifaru 11 vilipigwa, na moja ya lawama zilizotolewa baadaye ni kwamba moshi haukutumika inavyotakiwa na milima haikushikwa na askari wa miguu ipasavyo. Merkava ile! Deraya bora ya dunia, ikakosa kitu cha pointi 1.

Askari wa miguu pointi 1 kwa kundi. Hawa ndo wanatembea mbele na pembeni wanamfukua mpigaji kabla hajatulia. Uturuki waliweka Leopard 2 zao karibu na al-Bab Syria mwisho wa 2016, zimekaa kwenye uwazi, zikapigwa makombora moja moja. Leopard ni kifaru kizuri. Ila kifaru kilichosimama wazi ni nyumba.

Ardhi ni bure kabisa na ndo watu hawaitumii. Kifaru kinachoonyesha kichwa tu juu ya kituta, kinachotembea kutoka kificho kimoja mpaka kingine kwa sekunde pungufu ya zile za kombora. Hesabu hii rahisi naiomba muishike: kama adui ana TOW na yuko kilomita 3, ana sekunde kama 15, basi uwazi unaovuka usizidi sekunde 10. Kwenye ramani pima na rula.

Matofali ya mlipuko pointi 2 kwa kifaru. Waisraeli waliyafunga kwenye vifaru vyao walipoingia Lebanon 1982, Warusi wakafuata. Yanamsumbua sana Sagger na MILAN za zamani, vichwa vya mlipuko mara mbili vilitengenezwa hasa kwa ajili ya kuyashinda. Na yakilipuka, askari wako aliyesimama pembeni ya kifaru yuko hatarini, yani unachonunua kinamfukuza yule askari wa miguu uliyemnunua hapo juu.

Mfumo wa kudungua kombora, pointi 10 kwa kifaru kimoja. Trophy ya Waisraeli ndo iliyothibitishwa zaidi, rada zinaona kombora linakuja na kulipiga hewani, mara ya kwanza kufanya kazi vitani ilikuwa Machi 2011 mpakani mwa Gaza. Hii inafanya kazi kwenye sekunde ya mwisho kabisa, haijali mpigaji ameona nini wala leza wala waya. Ni nzuri, sibishi. Ila kwa pointi 100 una vifaru kumi na huna hata punje moja ya mahindi. Weka kwenye viwili vya mbele basi.

Na droni. Tangu vita ya Ukraine imepamba moto, hasa kuanzia 2023, vijidroni vya bei ya simu nzuri vimechukua kazi nyingi ya makombora, vingine vinavuta nyuzi ya kioo kama Spike ile ile. Mtanilaumu kwamba nimeviweka mwisho, ila sheria ya sekunde haijabadilika, imerefuka tu, droni ina dakika nzima ya kukutafuta na rubani wake hayupo hata karibu wa kurushiwa maganda ya karanga. Hapo rashasha kuelekea aliyepiga haina kazi, unabaki na vyandarua vya chuma juu ya kifaru, vifaa vya kukata mawimbi, na kujificha.

Sasa ile barabara ya Masaka kwenda Kampala iliyowatesa, pale Lukaya. Machi 1979 Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin walileta T-55 kumi na tano kwenye barabara ile, kulia kwake matope kushoto matope, kinamasi cha mto Katonga. Usiku wa kwanza Brigedi ya 201 ya JWTZ ilirudishwa nyuma, kesho yake Brigedi ya 208 ikazunguka ikatokea ubavuni na mambo yakageuka. Baba mdogo anasema kitu ambacho hakisahau ni kwamba kifaru kwenye barabara ya kinamasi hakina kulia wala kushoto. Ukiwa mlinzi pale usinunue umbali, kilomita 5 za kazi gani na barabara ina mapapirasi marefu kuliko mtu? Mimi ningenunua hivi: MILAN nane pointi 32, NLAW sita 18, mota nne 12, askari makundi 20, moshi 8 wa kufunika kuondoka kwangu, droni mbili za kuangalia tu pointi 10. Mia kamili. Javelin sifuri.

Na ukiwa Mlibya, weka mahindi mbele ya kila kizibo, mota zipige kando za barabara kabla hujasogea, vifaru vipishane mita nyingi, na ukiona moshi wa kombora usisimame kufikiria.

Jumamosi hii tunahamia Kyaka, pale daraja la mto Kagera lililolipuliwa Novemba 1978, na kutakuwa na sheria ya waya juu ya maji. Saa tisa alasiri pale pale. Wale vijana wawili mkae upande wa baba mdogo, mimi nimeshachukua vifaru, na anayekuja aje na vizibo vyake, vya Fanta tumebakiwa na kumi na vinne tu.